Mageuko ya Viumbe na Uteuzi Asilia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi, wazazi, walimu na msomaji yeyote anayetaka kuelewa jinsi viumbe wanavyobadilika vizazi kwa vizazi, na kwa nini wanabiolojia wana uhakika kwamba jambo hilo hutokea. Mifano mingi imechukuliwa Afrika Mashariki na kwa majirani zake. Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi ulio bora ulipatikana huku: katika damu ya watu wa pwani na wa kandokando ya Ziwa Viktoria, katika samaki wa maziwa yetu makuu, na katika majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba kaskazini mwa Tanzania.

Uteuzi asilia ni nini hasa?

Uteuzi asilia ni jambo linalotokea kila mahali ambapo hali tatu zinakutana. Ya kwanza ni kwamba viumbe wa aina moja hawafanani kabisa. Hata vifaranga wa kuku mmoja hutofautiana kwa ukubwa, kwa rangi na kwa uwezo wa kuhimili magonjwa. Ya pili ni kwamba baadhi ya tofauti hizo hurithiwa, yaani mzazi huzipitisha kwa watoto wake. Ya tatu ni kwamba si wote wanaozaliwa hufikia umri wa kuzaa, na hata miongoni mwa wanaofikia, wengine huacha watoto wengi kuliko wenzao. Ikiwa tofauti fulani ya kurithi inamsaidia mwenye nayo kuishi na kuzaa zaidi, basi kizazi kinachofuata kitakuwa na wengi zaidi wenye tofauti hiyo, na kinachokuja baada yake wengi zaidi tena.

Mkulima anayetenga mahindi ya mbegu hufanya kazi ya namna hiyo kwa makusudi: huyaangalia, huchagua yaliyojaa, na baada ya misimu mingi shamba lake halifanani tena na la babu yake. Katika maumbile hakuna anayechagua. Ukame, ugonjwa, njaa na adui ndivyo vinavyoamua nani ataacha uzao, na vyote hivyo havina nia wala mpango.

Maelezo haya yalitolewa hadharani kwa mara ya kwanza jijini London mwaka 1858, katika maandishi ya Charles Darwin na Alfred Russel Wallace, waliofikia wazo moja kila mmoja kwa njia yake. Mwaka uliofuata Darwin alichapisha kitabu kizima. Pengo kubwa katika hoja yao lilikuwa urithi wenyewe, kwa kuwa hawakujua sifa hupitishwa vipi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Gregor Mendel alichapisha kanuni za urithi mwaka 1866 baada ya kuchunguza njegere, lakini kazi yake haikuzingatiwa hadi mwaka 1900. Leo tunajua kwamba sifa hubebwa na jeni, na kwamba jeni ni vipande vya vinasaba (DNA) vinavyonakiliwa kila seli inapogawanyika. Unakili huo ni makini mno, ila haukosi makosa, na makosa hayo madogo ndiyo chanzo cha tofauti mpya.

Watu husema vimelea vya malaria "vimezoea" dawa. Je, hivyo ndivyo mageuko yanavyofanya kazi?

Sivyo, na swali hili linastahili jibu refu kwa sababu lugha yenyewe inatupotosha. Mtu anaweza kuzoea pilipili, kwa kuwa ni mtu yuleyule jana na leo. Tunasema pia kwamba vimelea vimekuwa sugu, na sugu, kwa asili ya neno, ni ngozi iliyokomaa mkononi kwa kushika jembe. Lakini mtoto wa mkulima hazaliwi na sugu kiganjani, hata kama ukoo wake umelima kwa miaka mia tano. Kile ambacho mwili umekipata kwa kutumika hakiingii katika jeni zinazopitishwa kwa watoto. Basi kimelea kimoja hakizoei dawa. Kinachotokea ni kwamba miongoni mwa mabilioni ya vimelea vilivyomo katika damu ya wagonjwa, vichache vilikwisha kuwa na kosa la unakili ambalo, kwa sadfa, linavisaidia kustahimili dawa. Dawa inaua vingine vyote, na hivyo vichache vinabaki na uwanja mzima wa kuzaliana.

Klorokwini ni mfano unaojulikana katika kila kaya ya rika fulani. Dawa hii ilikuwa rahisi, ilipatikana kila duka, na kwa miongo kadhaa iliponya malaria barani Afrika. Usugu wake ulianza kuonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba badiliko lililohusika liko katika protini iliyo kwenye utando wa kifuko ambamo kimelea humeng'enyea hemoglobini. Protini iliyobadilika huitoa klorokwini nje ya kifuko hicho kabla haijafanya kazi. Uchunguzi huohuo ulionyesha kwamba vimelea sugu vya Afrika vilikuwa wazao wa vimelea vya Asia ya Kusini-Mashariki, ambako usugu ulitangulia.

Kilichotokea Malawi baadaye kina uzito mkubwa zaidi kama ushahidi. Nchi hiyo iliacha kutumia klorokwini mwaka 1993 na kuweka SP (dawa ya sulfadoksini na pirimethamini) mahali pake. Kama vimelea "vingezoea" dawa kama mtu anavyozoea chakula, hatungekuwa na njia ya kukisia nini kingefuata. Uteuzi asilia, kwa upande wake, unatoa utabiri: ikiwa badiliko linalostahimili klorokwini lina gharama kwa kimelea, basi dawa ikiondolewa, vimelea visivyo na badiliko hilo vitazaana zaidi na kurudi kuwa wengi. Katika utafiti uliofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2006, klorokwini ilishindwa kutibu mtoto 1 tu kati ya 80 waliopewa, ilhali SP, ambayo ndiyo iliyokuwa ikitumika wakati huo, ilishindwa kwa watoto 71 kati ya 87. Uchunguzi wa baadaye ulibaini kwamba vimelea vilivyorudi havikuwa vile sugu vilivyojirekebisha. Vilikuwa uzao wa vile vichache ambavyo havikuwahi kubadilika na vilinusurika miaka yote ya klorokwini. Hakuna kimelea kilichosahau dawa. Idadi za koo mbili ndizo zilizopanda na kushuka, na huo ndio uteuzi asilia.

Ikiwa makosa ya unakili hutokea kwa nasibu, nasibu inawezaje kujenga jicho?

Nasibu peke yake haiwezi. Tofauti huzuka bila kufuata mahitaji ya kiumbe, hilo ni kweli, lakini kubaki au kupotea kwa tofauti hizo hakutegemei nasibu tupu: yenye faida huelekea kubaki, yenye hasara huelekea kupotea, na kila hatua hujengwa juu ya hatua iliyokwisha kuthibitika katika maisha ya viumbe halisi.

Kuhusu jicho, hatua hizo zipo bado kwa viumbe walio hai leo. Kuna konokono wa baharini wenye vijishimo tu vya seli zinazohisi mwanga, vinavyowatosha kujua kivuli kinatoka upande gani. Nautilusi, jamaa wa pweza mwenye kombe, ana shimo lililofumbika hadi kubaki tundu dogo, nalo huunda taswira hafifu. Pweza ana jicho lenye lenzi kamili. Kila mmoja wao anaona vya kutosha kwa maisha yake, kwa hiyo hakuna hatua ambayo "nusu jicho" lilikuwa mzigo usio na kazi. Mwaka 1994, Dan-Eric Nilsson na Susanne Pelger walipiga hesabu ya muda ambao ungehitajika kutoka bapa la seli hadi jicho lenye lenzi, wakikadiria kila badiliko kwa tahadhari, wakapata kwamba vizazi visivyofika 400,000 vingetosha. Kwa historia ya dunia huo ni muda mfupi.

Jicho letu lina kasoro pia. Nyuzi za neva hupita mbele ya seli zinazopokea mwanga, na zinapotoboa kwenda kwenye ubongo huacha doa lisiloona. Pweza hana doa hilo, kwa kuwa jicho lake lilitokana na njia nyingine na neva zake hupita nyuma.

Kama uteuzi asilia huondoa kilicho na madhara, kwa nini selimundu haijatoweka?

Swali hili huulizwa na wazazi ambao wameketi wodini na mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa, na jibu lake halipunguzi uchungu huo. Linaeleza tu kwa nini ugonjwa huu uko kwetu, na kwa nini si kosa la mtu wala laana ya ukoo.

Selimundu husababishwa na badiliko la herufi moja tu ya vinasaba katika jeni inayotengeneza sehemu ya hemoglobini. Kila mtu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Aliyerithi nakala mbili zilizobadilika hupata ugonjwa, kwa kuwa seli zake nyekundu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo na hufa mapema. Aliyerithi nakala moja tu kwa kawaida huishi bila kuumwa, na wengi hawajui kama wanayo. Wazazi wawili wa namna hii wakizaa, kwa kila mimba kuna uwezekano wa robo kwamba mtoto atakuwa na ugonjwa, nusu kwamba atakuwa na nakala moja kama wao, na robo kwamba hatakuwa nayo kabisa.

Kabla ya tiba za kisasa, watoto wengi wenye nakala mbili walifariki wakiwa wadogo. Kwa hesabu ya kawaida jeni hiyo ingepungua kila kizazi hadi kuwa adimu. Mwaka 1949, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu katika sehemu mbalimbali za nchi hiyo na kukuta jambo lililomshangaza: wenye nakala moja walikuwa wengi pwani na karibu na Ziwa Viktoria, ambako katika baadhi ya jamii walizidi asilimia 20, lakini walikuwa wachache mno katika nyanda za juu. Tofauti hiyo haikufuata lugha wala ukoo. Ilifuata mbu.

Allison alipima watoto wadogo 290 karibu na Kampala na kuchapisha matokeo mwaka 1954. Kati ya 43 wenye nakala moja ya selimundu, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, walikutwa navyo 113. Tafiti nyingi za baadaye zimethibitisha kwamba nakala moja hukinga kwa kiasi kikubwa sana dhidi ya malaria kali inayoua. Kwa hiyo, penye malaria nyingi, mtoto asiye na nakala yoyote alikuwa katika hatari ya malaria, mwenye mbili alikuwa katika hatari ya selimundu, na mwenye moja ndiye aliyekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukua na kuzaa. Uteuzi asilia hauangalii jeni kama "nzuri" au "mbaya". Hesabu yake ni ya uzao tu, mahali fulani na wakati fulani. Ndiyo maana jeni hiyohiyo hupatikana pia katika sehemu za Bara Arabu, India na Ugiriki, ambako malaria ilikuwa janga la muda mrefu.

Je, kuna mahali ambapo spishi mpya imeonekana ikitokea?

Kwa kawaida spishi mpya huchukua maelfu ya vizazi, kwa hiyo mtu mmoja hawezi kukaa na kuitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Tunachoweza ni kukuta safari hiyo ikiwa katika hatua zake mbalimbali, na Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali pazuri pa kufanya hivyo duniani.

Wavuvi wa ziwa hilo wanawajua furu, samaki wadogo wenye mifupa mingi ambao zamani walijaa nyavu zote. Kwa mtaalamu, furu ni takriban spishi 500: wapo wanaopasua konokono kwa meno mapana, wanaokwangua mwani juu ya mawe, wanaowinda samaki wenzao, na hata wanaonyonya mayai na vitoto kutoka kinywani mwa majike wanaovilea. Wengi wao hawapatikani popote nje ya bonde la ziwa hilo. Uchunguzi wa tope la chini ya ziwa unaonyesha kwamba lilikauka na kuanza kujaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita, kwa hiyo wingi huo wa spishi ulitokea kwa kasi ambayo haijulikani kwa samaki wengi wengine. Mwaka 2017 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha sababu mojawapo: furu hawa walitokana na mchanganyiko wa koo mbili za kale, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile ya juu, na mchanganyiko huo uliwapa akiba kubwa ya tofauti ambazo uteuzi ungeweza kuzifanyia kazi.

Kuna jozi moja ya furu iliyochunguzwa kwa makini sana karibu na Mwanza. Jenasi yao imepewa jina la *Pundamilia*, neno letu wenyewe, kwa ajili ya mistari yao. Madume wa *Pundamilia pundamilia* wana rangi ya kibuluu na hukaa karibu na uso wa maji. Madume wa *Pundamilia nyererei*, waliopewa jina kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, wana mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Katika ziwa hilo mwanga wa buluu huishia juu, na kadiri unavyoshuka mwanga unaobaki huelekea wekundu. Furu wa chini wana jeni za macho zinazoona vizuri zaidi mwanga mwekundu, na majike wao huwapendelea madume wekundu. Wa juu macho yao yamelingana na mwanga wa juu, na majike wao huwapendelea madume wa buluu. Kisiwani Makobe, ambako maji ni angavu, makundi haya mawili ni spishi mbili zilizo wazi kabisa. Kadiri unavyoingia ndani ya Ghuba ya Mwanza, ambako maji yamechafuka, tofauti ya rangi na ya jeni inafifia, hadi mahali ambapo hakuna makundi mawili tena ila mchanganyiko mmoja. Ziwa moja linatuonyesha hatua zote kwa wakati mmoja, kuanzia kundi lisilogawanyika hadi spishi mbili kamili.

Ni jambo la kuhuzunisha kwamba hazina hii inapotea mbele ya macho yetu. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuongezeka ghafla katika miaka ya 1980, akala furu kwa wingi usiosemeka. Mbolea, maji taka na udongo unaosombwa kutoka mashambani vimeyatia maji giza, na jike asiyeona rangi ya dume hawezi kuchagua. Kwa hiyo spishi zilizochukua maelfu ya miaka kutengana zinaweza kuchanganyika tena ndani ya miongo michache.

Je, uteuzi asilia ni sheria ya "mwenye nguvu mpishe"?

La. Kufaa, kwa maana ya kibiolojia, ni kuacha uzao katika mazingira yaliyopo, na mara nyingine mwenye silaha kubwa ndiye anayeangamia. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Msumbiji, kuanzia 1977 hadi 1992, tembo wa Hifadhi ya Gorongosa waliuawa kwa ajili ya meno yao hadi takriban asilimia 90 wakatoweka. Kabla ya vita, majike wasioota meno hayo walikuwa asilimia 18.5, baada ya vita walikuwa asilimia 50.9. Wawindaji hawakuwa na haja nao, wakaishi na kuzaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliihusisha hali hiyo na kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi za vinasaba zilizomo ndani ya seli, na ukaonyesha kwamba inaelekea kuwaua madume kabla ya kuzaliwa, ndiyo maana tembo dume asiye na meno hayo huko ni nadra kabisa.

Wapo waliotumia maneno ya Darwin kuhalalisha ukoloni na ubaguzi wa rangi. Biolojia yenyewe imewakana. Tofauti za vinasaba kati ya watu ni ndogo, na nyingi zaidi zimo ndani ya Afrika kuliko kati ya Afrika na mabara mengine, kwa kuwa wanadamu wameishi hapa kwa muda mrefu zaidi kuliko popote. Zaidi ya hayo, kueleza jinsi maumbile yanavyokwenda si kusema jinsi watu wanavyopaswa kutendeana.

Je, binadamu ametokana na nyani?

Hapana, nyani ni mnyama wa leo kama sisi. Hata sokwe, ambaye ndiye ndugu yetu wa karibu zaidi pamoja na bonobo wa Kongo, si babu yetu. Wewe hukuzaliwa na binamu yako. Mna babu mmoja. Vivyo hivyo, binadamu na sokwe walikuwa na babu mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, naye hakuwa binadamu wala sokwe. Tangu hapo kila ukoo umekwenda njia yake, na sokwe hayuko njiani kuelekea kuwa mtu. Swali la "mbona sokwe bado wapo?" linajibika kwa namna hiyohiyo: kuwapo kwako hakukumzuia binamu yako asiwepo.

Mwaka 1871 Darwin aliandika kwamba inaelekea wahenga wetu wa mwanzo waliishi Afrika, kwa kuwa sokwe na gorila wanaishi huku. Wakati huo hakukuwa na mfupa hata mmoja wa zamadamu (viumbe wa kale wa ukoo wa binadamu) uliokuwa umepatikana barani. Mwaka 1924 fuvu la Taung lilipatikana Afrika Kusini. Mwaka 1959 Mary Leakey alilipata Olduvai fuvu lililoitwa Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina la kale la pwani yetu. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya mwenye jicho la ajabu katika kazi hiyo, aliona kipande kidogo cha fuvu magharibi mwa Ziwa Turkana, na uchimbaji uliofuata ukatoa mifupa mingi ya kijana mmoja aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Kwa maoni yangu, nyayo za Laetoli ndizo zenye kugusa moyo kuliko vyote. Zilikutwa mwaka 1978 katika majivu ya volkano yenye umri wa takriban miaka milioni 3.66, na ni nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Ubongo wa zamadamu wa wakati huo haukuwa mkubwa sana kuliko wa sokwe. Wataalamu wengi wa mwanzoni mwa karne ya 20 walidhani kwamba ubongo mkubwa ndio uliotangulia, na Laetoli inaonyesha bila utata kwamba miguu ndiyo iliyotangulia.

Umri wa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika katika mwamba) hujulikanaje?

Hupimwa kwa madini yaliyomo katika majivu na lava. Aina moja ya potasiamu hubadilika kuwa gesi ya agoni kwa kasi isiyobadilika: nusu yake huisha baada ya takriban miaka bilioni 1.25. Lava ikiwa ya moto gesi hiyo hutoroka. Ikishaganda, gesi mpya hunaswa ndani, na kiasi chake hueleza muda uliopita. Bonde la Ufa, lenye volkano nyingi, limetupatia tabaka za majivu juu na chini ya visukuku vingi, kwa hiyo umri wao hubanwa kutoka pande zote mbili.

Je, ni kweli kwamba visukuku vya kati havijawahi kupatikana?

Si kweli, na vingine vimepatikana kwa kutabiriwa. Neil Shubin na wenzake walijua kwamba samaki wa kabla ya miaka milioni 385 hivi hawakuwa na miguu, na kwamba wanyama wa miguu minne wanaonekana katika miamba ya miaka milioni 365. Wakatafuta mwamba wa umri wa katikati uliotokana na mito ya kale, wakaenda kaskazini kabisa mwa Kanada, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, mwenye magamba na mapezi ya samaki, lakini pia mwenye shingo, na mifupa ya bega, kiwiko na kifundo ndani ya mapezi. Nchini Misri, katika jangwa la Wadi al-Hitan, imelala mifupa ya nyangumi wa kale waitwao Basilosaurus, ambao mwili wao mrefu ulikuwa bado na miguu midogo mno ya nyuma yenye magoti na vidole, kumbukumbu ya wahenga wao waliotembea nchi kavu.

Vinasaba vinaongeza nini?

Vinaongeza ushahidi ambao ungesimama hata kama tusingekuwa na kisukuku kimoja. Binadamu ana kromosomu 46, ilhali sokwe na gorila wana 48. Ikiwa tuna babu mmoja, basi jozi moja ya kromosomu haikupotea bure; lazima iwe imeungana na nyingine. Kromosomu yetu ya pili inaonyesha hasa hivyo: katikati yake kuna maandishi ambayo kwa kawaida huwa kwenye ncha za kromosomu tu, yakiwa yamekutana ncha kwa ncha, na ina mabaki ya kitovu cha pili (sehemu ambayo kromosomu hushikwa seli inapogawanyika) kisichofanya kazi tena.

Mfano mwingine ni vitamini C. Wanyama wengi huitengeneza miilini mwao. Sisi hatuwezi, tusipokula matunda na mboga tunaugua kiseyeye. Lakini jeni ya kuitengeneza bado tunayo, imeharibika tu, na sokwe, gorila na nyani wanayo ikiwa imeharibika vilevile. Mwalimu anayesahihisha mitihani akikuta wanafunzi wawili wana jibu sahihi hashuku kitu. Akikuta wote wawili wana kosa moja la ajabu, mahali palepale, anajua limetoka chanzo kimoja.

Je, binadamu bado anabadilika?

Ndiyo. Mamalia wengi hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa baada ya kuachishwa kunyonya, na watu wengi duniani wako hivyo. Katika jamii za wafugaji uwezo huo hudumu hadi utu uzima. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake, waliopima watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, waligundua kwamba wafugaji wa huku wana mabadiliko yao wenyewe, tofauti na lile la Ulaya, na kwamba lililoenea zaidi lilisambaa ndani ya takriban miaka 7,000 iliyopita, sambamba na kuenea kwa ufugaji. Ng'ombe walitangulia, jeni ikafuata. Na ilizuka zaidi ya mara moja, kwa watu wasiohusiana, kwa kuwa maziwa yaliokoa maisha katika sehemu zote hizo.

Si ni nadharia tu?

Katika mazungumzo ya kawaida nadharia ni kinyume cha vitendo. Katika sayansi ni maelezo mapana yanayounganisha mambo mengi yaliyothibitishwa na yanayoweza kupimwa. Kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na vijidudu nayo ni nadharia, na hakuna daktari anayeacha kunawa mikono kwa sababu ya jina hilo.

Je, mageuko yanaeleza chanzo cha uhai, au yanapingana na imani ya Mungu?

Uteuzi asilia huanza penye kitu kinachojinakili tayari. Jinsi uhai wa kwanza ulivyoanza ni swali jingine, linalochunguzwa zaidi na wanakemia. Kuhusu imani, wapo waumini wanaoona mgongano na wapo wasiouona. Theodosius Dobzhansky, mmoja wa wajenzi wakuu wa biolojia ya mageuko katika karne ya 20, alikuwa Mkristo wa Kiorthodoksi, na mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema kwamba mageuko ni zaidi ya dhana tu. Sayansi inaweza kusema viumbe walibadilika vipi na lini. Haina kipimo cha kujua kama nyuma ya yote hayo kuna makusudi.

Kwa nini malaria hutibiwa kwa dawa mseto, na kwa nini dozi lazima imalizwe?

Kwa sababu ya hesabu ya uteuzi asilia. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kimelea kimoja katika milioni kina badiliko la kustahimili dawa ya kwanza, na kimoja katika milioni kina la kustahimili ya pili. Mgonjwa mwenye vimelea bilioni kadhaa atakuwa navyo maelfu vya kila namna, na dawa moja ikitumika peke yake itaviacha hai. Lakini kimelea chenye mabadiliko yote mawili kwa pamoja ni kimoja katika milioni mara milioni, kwa hiyo yaelekea mgonjwa huyo hana hata kimoja. Katika dawa mseto inayotumika sana kwetu, artemeta hupunguza vimelea kwa kasi lakini hutoweka mwilini ndani ya saa chache, na lumefantrini hukaa kwa siku kadhaa ikimalizia vilivyobaki. Anayeacha vidonge siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, au anayemgawia nduguye nusu ya dozi, huacha vimelea vilivyosalia vikutane na dawa kidogo isiyotosha kuviua, na vinavyofaidika ni vile vyenye usugu wa kiasi.

Kinga hii haidumu yenyewe. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba vimelea vyenye badiliko linalopunguza nguvu ya artemisinini, yaani kundi la dawa ambamo artemeta imo, vimeenea nchini Rwanda, na uchunguzi ulionyesha kwamba badiliko hilo lilizuka hapohapo, halikutoka Asia kama la klorokwini. Mwaka 2021 ikatoka taarifa ya namna hiyo kutoka kaskazini mwa Uganda, na badiliko la Rwanda limekwisha kuonekana mkoani Kagera. Ndiyo maana sampuli za damu za wagonjwa huendelea kukusanywa katika nchi hizi na kusomwa herufi kwa herufi, ili dawa ibadilishwe kabla vimelea sugu havijawa wengi.